KEBO ZA VESPA: KAZI YAKE, NA JINSI YA KUWEKA MPYA

Mtu ateremkaye kwa Vespa ya zamani kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu, katika ile barabara iliyochongwa na mateka wa vita wa Kitaliano katika miaka ya 1940, ana ukuta wa mlima upande mmoja, na upande wa pili ana genge la Bonde la Ufa. Hapo hana kitu cha kumzuia ila breki ya mbele, breki ya nyuma, na nguvu ya injini katika gia ya chini. Vitu vyote vitatu hutawaliwa na nyaya zilizo nyembamba kuliko kalamu ya risasi. Kama nyuma yake amempakia mkewe au mtoto, basi roho mbili zimeshikwa na nyaya hizo.

Hata hivyo, wenye vyombo hivi wengi huijua plagi, huijua tairi na huijua kabureta, bali kebo huikumbuka siku ikatikapo. Hili ni kosa, maana kebo haikatiki bila ya onyo ila kwa nadra sana. Huonya siku nyingi, na mtu aelewaye namna ifanyavyo kazi aweza kulitambua onyo hilo akiwa nyumbani kwake, badala ya kulipata mlimani.

CHOMBO CHENYEWE

Neno Vespa kwa Kitaliano maana yake ni nyigu. Kampuni ya Piaggio, ambayo kabla ya hapo ilikuwa ikitengeneza ndege, iliandikisha chombo hiki nchini Italia mwezi wa Aprili 1946. Aliyekibuni ni Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege, naye hakuzipenda pikipiki za kawaida, kwa kuwa mnyororo na injini iliyo wazi humchafua mwendeshaji nguo. Kwa hiyo injini aliificha kando ya gurudumu la nyuma, na kazi ya kubadilisha gia aliiondoa mguuni akaitia katika mkono wa kushoto.

Mpango huo una raha yake, tena una gharama yake. Mkono uko mbele, na injini iko nyuma. Amri ya mkono haina budi kupita ndani ya usukani ugeukao huku na huku, ishuke katika shingo ya chombo, ipite chini ya mahali pa kuwekea miguu, ndipo ifike katika injini. Vespa za kwanza zilibadilisha gia kwa vyuma virefu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 nyaya zikashika mahali pake, nazo ndizo zilizodumu.

Kuanzia mwanzo wa miaka ya 1960 kiwanda cha Bajaj cha India nacho kilitengeneza Vespa kwa ruhusa ya Wataliano. Huko Unguja watu huita Vespa hata pikipiki za namna hii zilizotoka katika viwanda vingine. Leo bodaboda ndizo zilizojaa katika barabara zetu, walakini Vespa za kale bado huonekana mijini na mashambani, mara nyingine zikiendeshwa na mjukuu wa yule aliyeinunua. Kebo zake bado hutengenezwa na kuuzwa, kwa hiyo mwenye chombo hana udhuru wa kuendesha na kebo mbovu.

WAYA HUVUTA, GANDA HUSUKUMA

Kebo ya namna hii huitwa kebo ya Bowden, kwa jina la Ernest Monnington Bowden, ambaye alipewa hati yake huko Uingereza mwaka 1896. Ni vitu viwili vilivyounganishwa. Ndani mna waya, nao ni nyuzi nyingi za chuma zilizosokotwa pamoja. Nje pana ganda, nalo ni chuma kilichozungushwa kama springi, kikavikwa plastiki au kitambaa juu yake.

Wengi hudhani kwamba kazi yote ni ya waya, na kwamba ganda ni nguo tu ya kuukinga na vumbi. Sivyo hata kidogo. Kebo iliyopinda, ikivutwa, hutaka kunyooka. Kinachoizuia isinyooke ni ganda, ambalo limekaa imara katika vikalio vyake pande zote mbili, nalo hubeba msukumo ulio sawasawa na ule mvuto wa waya. Mfano wake ni mtu apitishaye kamba ndani ya bomba la mpira lililopindapinda, akalishika bomba na kuivuta kamba. Bomba likiwa laini, litajikunja na kufupika, na mzigo ulio mwisho wa kamba hautasogea. Likiwa gumu, nguvu ya mkono itafika kwenye mzigo.

Basi, ganda lililobonyea, lililopasuka, au lililotoka katika kikalio chake, huiba nguvu ya mkono. Mwenye Vespa huona breki imelegea, naye hukaza skurubu ya kurekebishia. Baada ya siku chache imelegea tena, naye hukaza tena. Mwishowe skurubu imefika kikomo, na breki bado ni dhaifu. Mtu huyo hulaumu waya kwamba umerefuka, kumbe ganda ndilo linalojikunja kila avutapo. Skurubu ya kurekebishia imewekwa kwa ajili ya uchakavu wa kawaida wa viatu vya breki na sahani za klachi. Haikuwekwa ili kuficha ugonjwa wa kebo. Mtu akiona anaigeuza mara kwa mara, ajue kwamba wakati wa kufungua na kutazama umefika.

KEBO NI NGAPI?

Vespa ya kawaida ya miaka ya 1960 ina kebo moja ya klachi na mbili za gia, zitokazo katika mkono wa kushoto. Katika mkono wa kulia hutoka kebo ya mafuta na kebo ya breki ya mbele. Kebo ya breki ya nyuma hutoka katika pedali ya mguu wa kulia. Iko pia ya choki. Ile ya mita ya mwendo ni ya namna nyingine, kwa kuwa yenyewe huzunguka, haivuti.

DALILI ZA KEBO MBAYA

Dalili ya kwanza ni ugumu. Mkono wa klachi uliokuwa laini huwa mzito, au mshiko wa mafuta ukiachwa haurudi wenyewe. Ya pili ni kukwama: mkono huvutika kwa kishindo, kana kwamba kitu kimeng'ang'ania kisha kikaachia. Ya tatu ni kulia kwa gia, hasa ya kwanza, kwa sababu klachi haiachi vizuri hata mkono ukivutwa mpaka mwisho.

Dalili ya nne yataka macho. Waya huharibika zaidi mahali pale pale upindapo kila siku, yaani karibu na kile kichwa cha chuma kilicho mwisho wake, ndani ya mkono wa usukani. Mtu avute mkono na kutazama hapo kwa tochi. Akiona uzi mmoja umekatika na kusimama kama mwiba, waya huo umekwisha kuanza kufa. Nyuzi zilizobaki hubeba mzigo wa ule uliokatika, nazo hukatika upesi zaidi.

Pwani, hewa ya chumvi huingia ndani ya ganda na kuleta kutu. Bara, vumbi la kiangazi huchanganyika na grisi likawa kama msasa, na matope ya masika humalizia kazi hiyo.

Waya wa mafuta una hatari ya peke yake. Uzi uliokatika waweza kukwama ndani ya ganda wakati mshiko umefunguliwa, na injini ikaendelea kunguruma hali mwendeshaji ameuachia. Likitokea jambo hilo, avute klachi mara moja na kuizima injini. Asijaribu kupambana na mshiko huku chombo kinakwenda.

KABLA YA KUANZA

Yafaa kuichukua kebo ya zamani dukani na kulinganisha urefu, unene na umbo la kichwa chake, kwa kuwa vichwa vya nyaya havifanani. Pamoja na kebo, vinunuliwe vifungo vipya, yaani vile vipande vidogo vya chuma vyenye tundu na skurubu, ambavyo hushika mwisho wa waya kwenye injini. Kifungo kilichochakaa huuachia waya mpya ukateleza.

Vifaa vyenyewe si vingi: bisibisi, spana ndogo, koleo, mkasi mkali wa kukatia chuma, grisi, oili nyepesi, utepe wa kunatia, na vipande vya kitambaa. Chombo kisimamishwe mahali tambarare, injini ikiwa imepoa, na gurudumu la nyuma likiwa juu ya ardhi kwa kuegemezwa juu ya gogo au kasha lisiloyumba. Zaidi ya hayo, ibadilishwe kebo moja kwa wakati mmoja. Fundi afunguaye zote kwa pamoja hujitafutia mchana wa kufumbua mafumbo.

KUTOA WAYA WA ZAMANI

Kama ganda bado ni zima, waya peke yake ndio ubadilishwao. Kwanza skurubu ya kurekebishia irudishwe ndani mpaka mwisho, ili waya mpya upate nafasi ya kurekebishwa baadaye. Kisha kifungo kilicho kwenye injini kilegezwe, na waya uvutwe kutoka upande wa usukani. Kwa klachi na breki ya mbele, hutosha kutoa bolti ya mkono na kukitoa kichwa cha waya katika tundu lake. Kwa gia na mafuta, hapana budi kuufungua usukani wenyewe, kwa kuwa vichwa vya nyaya hizo vimefichwa ndani. Kwa waya wa mafuta hufunguliwa pia kifuniko cha kulia, maana mwisho wake uko katika kabureta.

Waya ukiisha kutoka, ufutwe kwa kitambaa na kutazamwa. Kutu ikiwa mahali pamoja tu, ndipo maji yaingiapo. Waya ukiwa umelika upande mmoja, pana kona kali ndani ya njia ya ganda. Waya mpya ukitiwa bila ya kuondoa sababu hiyo utakufa kifo kile kile.

KUBADILISHA GANDA

Ganda likiwa limebonyea, limepasuka au lina kutu ndani, litolewe pia. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kulivuta nje kwa nguvu na kubaki na ganda jipya mkononi, bila ya njia ya kulipitisha ndani ya mwili wa chombo.

Njia iliyo bora ni hii. Upitishwe waya mmoja mrefu ndani ya ganda la zamani na ndani ya ganda jipya pia, hata ncha za maganda hayo mawili zigusane. Mahali zigusanapo pazungushwe utepe mwembamba wa kunatia, usiwe mnene ukakwama njiani. Kisha mtu mmoja alivute ganda la zamani taratibu upande wa injini, na mwenziwe alisukume ganda jipya upande wa usukani. Ganda la zamani litokapo, lile jipya huwa limekwisha kufuata nyayo zake. Likikwama, lisilazimishwe, lirudishwe nyuma kidogo, lizungushwe, kisha livutwe tena.

Ganda jipya likatwe kwa urefu wa lile la zamani. Ncha yake isibonyee, wala chuma chake kisiachwe na kona kali ielekeayo ndani. Likiwa fupi mno, litavutwa usukani ugeuzwapo. Likiwa refu mno, litajikunja na kuzaa kona.

KUTIA WAYA MPYA

Waya mpya upakwe grisi nyembamba au oili nyepesi, kisha usukumwe ndani kidogo kidogo huku ukizungushwa kufuata msokoto wake. Usikatwe kabla ya kupita, kwa kuwa ncha iliyokatwa hufumuka, na uzi mmoja uliofumuka watosha kuzuia safari yote.

Ukitokea upande wa pili, pahakikishwe kwanza kwamba kila ncha ya ganda imeingia katika kikalio chake. Ndipo waya upitishwe katika kifungo, uvutwe kwa koleo hata ulegevu uishe, na skurubu ikazwe. Ikazwe imara, lakini isikazwe kwa hasira, maana skurubu ikizidi huzikata nyuzi badala ya kuzishika. Ubaki mkia wa sentimita 3 au 4, wenye kofia ndogo ya chuma ili usifumuke.

Kazi ya gia yataka uangalifu zaidi. Nyaya mbili za gia huvuta kinyume: mmoja huvuta mkono ugeukapo juu, na wa pili ugeukapo chini. Kabla ya kufungua, kila mmoja ufungiwe alama kwenye usukani na kwenye injini. Zikibadilishana, gia nazo zitabadilishana, na atakayedhani ameingiza ya kwanza atakuwa ameingiza ya mwisho. Wakati wa kufunga, kibadilisha gia kilicho kwenye injini kiwekwe katika nyutro, iliyo kati ya gia ya kwanza na ya pili, na mshiko wa mkono uwekwe kwenye alama hiyo hiyo. Kisha nyaya zote mbili zifungwe bila ya ulegevu na bila ya kuvutana. Zikilegea, gia zitaruka. Zikikazwa mno, mshiko utakuwa mgumu na nyaya zitakwisha upesi.

KUREKEBISHA NA KUJARIBU

Mkono wa klachi uachiwe mchezo wa kama milimita 2 kabla ya kuanza kuvuta. Bila ya mchezo huo klachi haishiki barabara, nayo huteleza na kuungua. Ukizidi sana, klachi haiachi na gia hulia. Breki nazo zirekebishwe hata gurudumu lizunguke huru mkono au pedali ikiachwa, na lisimame kabisa ikivutwa. Mshiko wa mafuta ukiachwa lazima urudi wenyewe.

Kisha vifungo na nati zote zikaguliwe tena. Mikono na pedali vivutwe kwa nguvu mara kumi, maana kebo mpya hukaa mahali pake katika mivuto ya kwanza, na yafaa irekebishwe tena baada ya hapo. Mwisho, injini iwashwe katika nyutro, na usukani ugeuzwe mpaka mwisho kushoto, kisha mpaka mwisho kulia. Mlio wa injini ukipanda, kebo ya mafuta ni fupi au imebanwa. Chombo hicho kisiendeshwe barabarani, kwa sababu kitaongeza mwendo chenyewe kwenye kona.

Jaribio la kwanza lifanywe mahali tambarare pasipo na magari wala watoto, mwendeshaji akiwa peke yake. Baada ya siku chache za kuendesha, kebo zitazamwe tena.

YASIYOFAA KABISA

Wako watu waungao waya uliokatika kwa kuufunga fundo. Fundo haliwezi kupita ndani ya ganda, na hata likiwa nje hulegea. Wengine huunguza nyuzi kwa moto wa kuchomelea, na moto huo huiondoa nguvu ya chuma. Tena wako wauondoao waya wa breki ya mbele wakasema ya nyuma yatosha. Chombo chochote kikipiga breki, uzito wake huelekea mbele, na gurudumu la mbele huishika barabara zaidi. Aliyeiacha breki ya mbele ameiacha sehemu kubwa ya uwezo wake wa kusimama.

Kwa asafiriye mbali, ni busara kuweka katika sanduku la chombo waya mmoja wa klachi, mmoja wa gia na mmoja wa mafuta, pamoja na vifungo vyake, koleo na spana. Vyote pamoja havina uzito wa shuka.

Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Uzi mmoja wa chuma uliosimama karibu na kichwa cha waya ni mwiba hasa, nao hudunguliwa kwa urahisi mtu akiwa uani kwake na spana mkononi. Akiupuuza mpaka afike kwenye mteremko wa Mai Mahiu, na abiria amemshika kiunoni, huko hakuna spana itakayomfaa.